KABLA HUJANUNUA KIPIMO CHA TUMBO, ULIZA KWANZA MIZANI YAKE



Kila mchuma chai anaijua mizani. Unaamka alfajiri, unapanda kilima na kikapu mgongoni, vidole vinakufa ganzi kwa umande, na jioni jasho lako lote linahukumiwa na mshale mmoja wa mizani bandani. Ndiyo maana chama chetu hakikuchoka kuuliza swali moja katika mashamba haya: mizani hii imekaguliwa na nani, na muhuri wa serikali uko wapi? Mizani isiyo na muhuri hatuikubali, hata ikipakwa rangi mpya, hata mwenye mizani akitabasamu namna gani.

Leo nataka tuulize swali hilo hilo juu ya mizani ya namna nyingine. Hii haipimi majani. Inapima kinyesi chako, na inadai kwamba itakuambia hali ya tumbo lako. Wachuuzi wake wameanza kufika mpaka kwetu Uganda, kwa simu za mkononi na kwa miguu yao wenyewe. Siku ya mshahara ndiyo siku yao.

MAKOSA YANGU MWENYEWE

Nisianze kuwafundisha wenzangu kabla sijasema kosa langu. Mwaka jana alikuja kijana mmoja nadhifu, amebeba mkoba na visanduku vidogo vyeupe. Aliniomba dakika 10 katika mkutano wetu wa tawi. Alisema kwamba ndani ya kila kisanduku kuna kipimo cha kufanyia nyumbani. Unachukua kinyesi kidogo kwa kijiti chenye pamba, unakitia katika kichupa, kinapelekwa kwa ndege maabara ya ng'ambo, na majibu yanarudi katika simu. "Kinaona kila kitu kilichomo tumboni," alisema. Kisha akaninong'oneza kwamba kwa kila mwanachama atakayenunua, mimi katibu ningepata kitu kidogo.

Hicho kitu kidogo nilikikataa. Lakini zile dakika 10 nilimpa, na hapo ndipo nilipokosea, kwa kuwa mtu akisimama mbele ya meza ya chama, wanachama hudhani chama kimemkubali.

Mama mmoja mchuma chai alinunua. Alikuwa mtu wa kazi, lakini kwa miezi mingi mwili wake ulikuwa umelegea. Tumbo lilimsokota, pumzi ilimkatika kwenye mteremko, na kilo zake zilikuwa zikipungua kila wiki. Alikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo, akalipa, akangoja wiki saba. Majibu yalipofika alikuja nyumbani kwangu jioni. Akaniambia, "Katibu, wewe unajua kusoma. Karatasi hii inasema nini?"

Ndugu zangu, mimi niliishia darasa la saba. Nilitazama ile karatasi mbele na nyuma. Ilikuwa na majina marefu ya Kilatini, asilimia, duara za rangi, na alama 61 kati ya 100. Chini yake aliambiwa ale mboga za Ulaya ambazo sokoni kwetu hakuna, na anunue unga wa kopo kutoka kampuni ile ile, kila mwezi. Sikuweza kumweleza kitu. Nilimwambia labda ni heri, maana 61 ni zaidi ya nusu.

Wiki tatu baadaye alianguka shambani, kikapu mgongoni. Wenzake walimbeba mpaka kituo cha afya. Mtaalamu wa maabara alichukua kinyesi kidogo, akakipaka kwenye kioo, akakitazama kwa hadubini. Haikupita saa moja akawa ameona mayai ya safura, yaani wale minyoo wanaoingia kupitia ngozi ya miguu na kunyonya damu katika utumbo. Damu yake ilikuwa imepungua mno. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na hakudaiwa hata shilingi moja kwa kipimo hicho.

Nikamwuliza yule mtaalamu: imekuwaje kipimo cha ghali kilichopanda ndege kisione minyoo, na kioo chako kikaona? Akanikalisha kwenye benchi, akanieleza. Nikarudi kwake mara nyingine, na kwa wengine wanaojua. Niliyojifunza ndiyo haya.

NDANI YA UTUMBO KUNA NINI

Katika mwili wa kila mtu wanaishi bakteria, na wengi wao sana wako katika utumbo mpana. Ni viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho. Wataalamu walipofanya hesabu upya mwaka 2016 walikadiria kwamba mwanamume wa kilo 70 ana bakteria kama trilioni 38, na kwamba wote kwa pamoja uzito wao ni kama gramu 200 tu. Jumla ya jeshi hilo pamoja na vijidudu wengine wa humo ndiyo wataalamu huiita maikrobayomu.

Wengi wao si adui. Ni vibarua wetu. Chakula ambacho tumbo letu haliwezi kukisaga, kama vile makapi ya maharage, ya mahindi na ya mboga, wao hukivunja na kutengeneza vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo. Hutengeneza pia baadhi ya vitamini. Aidha hushika nafasi, ili bakteria wabaya wakija wakute viti vimekwisha kukaliwa.

Elimu hii si ya uongo. Kuna ugonjwa wa kuharisha ambao huwapata hasa wagonjwa waliotumia sana dawa za antibayotiki, dawa hizo zikiwa zimewafukuza vibarua wote, wema na wabaya. Mwaka 2013 madaktari wa Uholanzi walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wagonjwa wa namna hiyo walipona zaidi walipotiwa tumboni kinyesi kilichosafishwa cha mtu mzima wa afya kuliko walipopewa dawa ya kawaida. Marekani nayo ilikubali dawa mbili za aina hiyo, moja mwaka 2022 na nyingine mwaka 2023.

Basi mtu asije akawaambia kwamba nimesema bakteria wa tumboni ni porojo. Wapo na wana kazi. Ninachouliza mimi ni kama hiki kipimo kinachouzwa kinaweza kukuambia jambo litakalokuponya wewe.

KIPIMO HICHO HUFANYAJE KAZI

Kinyesi kikifika maabara, bakteria huvunjwa na vinasaba vyao husomwa na mashine. Vinasaba ni kama maandishi ya uzazi yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza, ambayo ni rahisi, husoma kipande kimoja tu cha vinasaba kiitwacho 16S. Ni kama kumtambua mtu kwa jina la ukoo tu. Utajua huyu ni wa ukoo fulani, lakini hujui kama ni mwizi au ni mzee wa kanisa. Na ukoo mmoja wa bakteria huweza kuwa na wema na waharibifu pamoja. Tena kipande hicho cha 16S ni cha bakteria na jamaa zao wa karibu. Minyoo hawana kipande hicho. Ndiyo sababu karatasi ya yule mama haikusema lolote juu ya safura: kipimo chake hakikutafuta minyoo tangu mwanzo. Mchuuzi aliposema kinaona "kila kitu", hakusema kweli.

Njia ya pili husoma vinasaba vyote vilivyomo, vipande kwa vipande, kisha kompyuta huviunganisha. Hii huona mengi zaidi, na bei yake huwa kubwa zaidi. Hata hivyo kuona mengi si sawa na kujua maana yake.

Baada ya hapo kampuni hutengeneza karatasi ya majibu: bakteria huyu asilimia kadhaa, yule asilimia kadhaa, alama yako ni hii, kula hiki, acha kile.

MASWALI SITA YA KUMWULIZA MCHUUZI

Ndugu mfanyakazi, mtu akikufuata na kisanduku, usimfukuze wala usimtukane. Mkalishe chini, umwulize maswali haya moja baada ya jingine.

1. Kipimo chako kinatafuta ugonjwa gani, kwa jina?

Kipimo cha malaria hutafuta malaria. Kipimo cha kifua kikuu hutafuta kifua kikuu. Akijibu kwamba kinatafuta "usawa wa tumbo" au "afya kwa jumla", hilo si jina la ugonjwa. Hakuna daktari awezaye kukuandikia dawa ya alama 61.

2. Majibu yakija, tiba yangu itabadilika namna gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kama majibu yakiwa mazuri utaambiwa ule mboga na maharage, na yakiwa mabaya utaambiwa ule mboga na maharage, basi fedha ulilipia nini? Mwishoni mwa mwaka 2024 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilitoa tamko juu ya vipimo hivi. Lilisema kwamba ushahidi wa kuvitumia katika tiba ya kila siku bado ni mdogo, na halikupendelea mgonjwa ajiagizie mwenyewe bila mganga. Hao si maadui wa elimu hii. Ni watu wa fani hiyo hiyo.

3. Mizani yako imepigwa muhuri na nani?

Majani yale yale ukiyapeleka katika mizani tatu, na kila moja ikasema kilo zake, utajua kuna jambo. Vipimo hivi vina tabu hiyo. Namna ya kuchukua kinyesi, namna ya kukihifadhi, namna ya kuvunja bakteria, na kitabu ambacho kompyuta inalinganishia, kila kampuni ina vyake. Jibu la kampuni moja huweza kutofautiana na la nyingine. Ni mwaka 2025 tu ndipo taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na vipimo, NIST, ilipotoa kinyesi cha mfano kilichochunguzwa sana, ili maabara zipate kitu kimoja cha kulinganishia kazi zao. Yaani vipimo viliuzwa kwa miaka zaidi ya 10, na ndipo jiwe hilo la kujaribia mizani likapatikana.

4. Unanilinganisha na nani?

Ukisema mtu huyu ni mrefu, lazima ujue ni mrefu kuliko nani. Kampuni ikisema bakteria wako ni wachache, ni wachache kuliko wa nani? Mara nyingi ni kuliko wa wateja wake, na wateja hao wengi ni watu wa Ulaya na Marekani.

Sikilizeni habari ya majirani zetu Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Mwaka 2014 wataalamu walichapisha matokeo ya kuchunguza vinyesi vya Wahadza 27 na vya Waitalia 16 wa mji wa Bologna. Wahadza walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi kuliko Waitalia. Lakini wale bakteria waitwao bifidobakteria, ambao Ulaya husifiwa sana na kuuzwa katika vidonge, kwa Wahadza hawakuonekana. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba bakteria wa Wahadza hubadilika kwa majira: aina fulani hupungua masika na kurudi kiangazi, chakula kinapobadilika.

Sasa mpelekee Mhadza mwenye nguvu zake karatasi ya kampuni. Huenda ikamwambia kwamba tumbo lake lina upungufu, anunue vidonge. Na akipimwa masika atapewa alama hii, akipimwa kiangazi atapewa ile, naye ni mtu yule yule, mzima. Basi mla matoke, maharage na posho wa kwetu atahukumiwaje kwa kipimo cha mla mkate wa Ulaya?

5. Nani anauza dawa baada ya majibu?

Katika shamba, mwenye mizani akiwa ndiye mnunuzi, tunafungua macho mawili. Hali kadhalika hapa. Kampuni inayokupima, kisha ikakuuzia unga na vidonge vya kuponya kile ilichokiona yenyewe, ina faida katika kukuona mgonjwa. Tena hesabu gharama yote. Huko Marekani vipimo vingi vya namna hii huzidi dola 100, na vingine hufika dola 300 na zaidi. Juu yake weka usafirishaji, kisha unga wa kila mwezi. Mchuuzi hutaja bei ya kisanduku tu.

6. Kinyesi changu na majibu yangu vitakuwa mali ya nani?

Msicheke. Katika kinyesi chako mna vinasaba vyako wewe pia, na vya uzazi wako. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za mtu binafsi. Lakini kinyesi kikishavuka bahari, nani atakifuata? Na hapa nyumbani, kamwe usikubali majibu yako ya afya yapite mezani kwa mwajiri.

KISA CHA KAMPUNI MOJA YA MAREKANI

Ili msidhani nasema kwa hasira ya kilichotokea kwetu tu, nawapeni kisa kinachojulikana duniani. Mwaka 2012 huko San Francisco ilianzishwa kampuni iitwayo uBiome. Ilianza kwa kuchangisha fedha za watu wa kawaida, ikiwaahidi kuwasomea bakteria zao. Ilikua upesi, ikasifiwa, matajiri wakaitilia mamilioni ya dola.

Kisha kampuni ikaanza kuuza vipimo vilivyolipiwa na bima za afya. Mwezi wa Aprili 2019 makachero wa FBI walipekua ofisi zake. Mwaka huo huo kampuni ilifilisika. Mwezi wa Machi 2021 serikali ya Marekani iliwashtaki waanzilishi wake wawili. Hati ya mashtaka ilidai kwamba tangu mwaka 2015 mpaka 2019 kampuni ilidai bima zaidi ya dola milioni 300, na kulipwa zaidi ya dola milioni 35, kwa vipimo ambavyo havikuthibitishwa sawasawa na ambavyo wagonjwa hawakuvihitaji. Mashtaka si hukumu, nami sisemi zaidi ya hapo. Lakini wateja walibaki na karatasi zao, na kumbukumbu zao zikawa katika mali ya mfilisi, ambayo huuzwa kama mali nyingine yoyote.

Ikiwa hayo yalitokea mbele ya wanasheria na magazeti ya Marekani, sembuse katika kijiji cha wachuma chai, siku ya mshahara?

VIPIMO VYA KINYESI VINAVYOFAA

Nisieleweke vibaya. Kupima kinyesi ni jambo jema sana. Kuna vipimo vya kinyesi vinavyojibu vizuri lile swali la kwanza na la pili: vinataja ugonjwa, na ugonjwa una tiba.

Cha kwanza ni kile cha hadubini. Huona mayai ya safura, ya mchango na ya kichocho cha tumbo, na huona amiba pia. Safura na mchango vina dawa ya albendazo, na kichocho kina dawa ya prazikwanteli, ambayo Uganda imekuwa ikiigawa kwa mpango wa taifa tangu mwaka 2003. Mama mja mzito amwambie mganga au mkunga hali yake kabla ya kumeza dawa yoyote ya minyoo. Kumbukeni mambo mawili. Peleka kinyesi kibichi, asubuhi hiyo hiyo, kwani mayai ya safura huharibika upesi kwenye kioo. Na kama siku ya kwanza hakikuonekana kitu nawe bado u mgonjwa, rudi siku nyingine, kwa sababu minyoo hawatoi mayai sawasawa kila siku.

Cha pili ni kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, aitwaye Helikobakta pailori. Hapa kuwa mwangalifu, maana viko vya namna mbili na vyote huuzwa madukani. Cha damu huonyesha kwamba uliwahi kuambukizwa, hata kama ulikwisha pona zamani. Cha kinyesi huonyesha kama bakteria yumo sasa. Ukichagua, chagua cha kinyesi. Na kabla ya kupima ni lazima wiki nne ziwe zimepita tangu umeze antibayotiki, na wiki mbili tangu umeze vidonge kama omeprazo vya kupunguza asidi, la sivyo jibu huweza kukudanganya. Lakini usikatize dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza aliyekuandikia.

Cha tatu kinaonyesha kwamba hata kipimo cha kufanyia nyumbani huweza kuwa chema. Katika England, huduma ya afya ya serikali huwatumia watu wa miaka 50 hadi 74 kisanduku kwa posta kila baada ya miaka 2, bila malipo. Mtu huchukua kinyesi kidogo na kukirudisha kwa posta. Kipimo hicho hutafuta kitu kimoja tu, damu isiyoonekana kwa macho, kwa ajili ya kugundua mapema saratani ya utumbo mpana. Tazameni tofauti. Kisanduku ni kidogo vilevile na kijiti ni kilekile, lakini swali lake ni moja, na jibu likiwa baya kuna hospitali inayokungoja.

Hapa kwetu, ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Kituo cha daraja la tatu kinatakiwa kiwe na maabara. Najua mtaniambia kwamba mara dawa zimekwisha, mara mtaalamu hayupo. Ni kweli, na hilo tulipiganie. Lakini lisitufanye tukimbilie kwa mwenye kisanduku.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kipimo cha posta hata siku moja: damu katika choo, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, homa pamoja na kuharisha, kuishiwa pumzi na kupauka viganja. Ukiona moja ya hizo, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

KAMA BADO UNATAKA KUNUNUA

Wapo wenzetu wenye watoto ng'ambo, nao wanaweza kuletewa kisanduku kama zawadi. Fedha si yako, udadisi si dhambi. Basi fanya hivi. Kwanza pima minyoo kituoni. Pili, chagua kampuni inayosema wazi inasoma kwa njia ipi, inayotoa kichupa chenye maji ya kuhifadhi ili joto la safari lisiharibu hesabu, na isiyouza vidonge vyake yenyewe. Tatu, soma mahali panapoeleza nani atatunza habari zako, na kama waweza kuamuru zifutwe. Nne, usiache dawa ya daktari wala chakula chako cha kawaida kwa ajili ya karatasi hiyo. Isome kama unavyosoma habari za mpira: yafurahisha kujua, lakini hailipi deni.

Ama kuhusu kuwatunza wale vibarua wa tumboni, hilo halihitaji kisanduku. Wanakula tunachokula sisi tukiwa na akili: maharage, njegere, mtama, mboga za majani, matunda. Wanauawa na tabia yetu ya kununua vidonge vya rangi mbili dukani, viwili leo, viwili kesho, kwa kila tumbo linaloguruma. Antibayotiki zinywe kwa maagizo, uzimalize kama ulivyoagizwa, na usizinywe bila sababu.

KAZI YETU PAMOJA

Yule mama amerudi kazini. Deni la kisanduku alilimaliza mwezi uliopita. Nilimwomba msamaha mbele ya mkutano ule ule ambamo nilimpa mchuuzi nafasi. Akanijibu, "Katibu, mimi nimepona. Lakini safura wale niliwatoa wapi?"

Swali hilo limenikaa moyoni kuliko yote, na jibu lake halimo katika kisanduku chochote. Aliwatoa katika udongo wa shamba, kwa sababu kwenye kipande anachochuma hakuna choo cha karibu, na watu hujisaidia kati ya mistari ya chai. Mabuu ya safura huanguliwa katika udongo ule wenye unyevu, na mwenye kupita bila viatu huyachukua. Tukimtibu leo naye akarudi pale pale miguu mitupu, kabla ya mwaka kwisha atakuwa nao tena.

Kwa hiyo tawi letu limeamua mambo manne. La kwanza, hakuna mchuuzi wa vipimo wala wa dawa atakayepewa nafasi katika mkutano wa chama, wala kutumia jina la chama. La pili, hakuna mwanachama atakayeshauriwa kutia sahihi ya kukatwa mshahara kwa ajili ya kisanduku. La tatu, tutakiomba kituo cha afya kije shambani siku maalumu kupima kinyesi na kugawa dawa ya minyoo kwa watu wote pamoja na watoto wao. La nne, katika mazungumzo ya mkataba ujao, choo kwenye kila eneo la kuchuma, maji safi ya kunywa na viatu vya mpira vitakuwa juu ya orodha, sambamba na bei ya kilo.

Matawi mengine nayo yafikirieni haya. Na mtu akija kwenu na kisanduku cheupe, mwulizeni kama tunavyowauliza wenye banda: muhuri wa mizani yako uko wapi?

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi